MATENDE NA BUSHA: TIBA YAKE NA HUKUMU ZA TWAHARA KWA MGONJWA

 

Ndugu msomaji, makala hii imetokana na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa la Magharibi katika msikiti mmoja wa Nguvumali hapa Tanga, alitujia mzee mmoja mwenye matende ya mguu wa kushoto. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, ngozi imekuwa ngumu, na baina ya vidole mlikuwa na michubuko inayotoa maji. Akauliza: "Maalim, mguu huu napata tabu kuuosha kila swala. Je, nina ruhusa ya kutayamamu?" Tulimwonea huruma. Tukamjibu kuwa dini ni nyepesi na mgonjwa ana rukhsa yake, basi aoshe viungo vingine na mguu ule autayamamie. Akaondoka akituombea dua.

Haikupita miezi mitatu hakuonekana tena msikitini. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta kitandani ana homa, mguu umezidi ukubwa na unatoa harufu, naye anaona haya kuwakaribisha wageni. Muuguzi aliyekuwa akija kumsafisha aliuliza ni nani aliyemwambia mzee asitie maji mguuni. Tulinyamaza kwanza, kisha tukasema kuwa ni sisi.

"Shehe," akasema yule dada kwa adabu, "mguu huu dawa yake ya kwanza ni maji na sabuni."

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.) habari ya mtu aliyepigwa na jiwe kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwalaumu kwa ukali, akawafahamisha kuwa wamemuua, na kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya baadhi ya njia za habari hii, lakini mafunzo yake yanajulikana. Siku zote tulikuwa tukiitaja darsani kuwakemea wanaowabana wagonjwa. Hatukuwahi kufikiri kwamba anayetoa rukhsa pasipo ujuzi naye anaingia katika lawama ile ile. Kwa hiyo tulirudi vitabuni, tena tukakaa na waganga wa hospitali, na haya ndiyo tuliyoyapata.

MARADHI YENYEWE

Matende na busha, ambalo wengine huliita ngirimaji au mshipa, kwa watu wa pwani yetu ni matawi ya shina moja. Shina lenyewe ni minyoo myembamba kama uzi, ambayo wataalamu wameiita Wuchereria bancrofti. Mnyoo jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, na dume nusu ya hapo. Makazi yao ni mishipa ya limfu, yaani ile mishipa midogo inayochukua majimaji ya mwili kutoka kwenye nyama na kuyarudisha katika damu. Humo huishi miaka 6 hadi 8, wakizaa watoto kwa mamilioni wasioonekana kwa macho. Watoto hao huingia katika damu, na jambo la ajabu katika maumbile ya Mwenyezi Mungu ni kwamba mchana hujificha katika mishipa ya ndani ya mapafu, na usiku, hasa baina ya saa 4 na saa 8, hujitokeza katika damu ya ngozini. Saa hizo ndizo ambazo mbu anayewabeba anatoka kuuma. Ndiyo maana wazee wetu wanakumbuka watafiti waliokuwa wakipita mitaani usiku kuchukua damu vidoleni, na watu wakiwadhania mabaya. Hapakuwa na siri yoyote. Damu ya mchana isingeonyesha kitu. Siku hizi kipo kipimo cha kadi kinachoweza kufanywa saa yoyote.

Katika miji kama Tanga mbeba maradhi mkubwa ni mbu aina ya Culex, yule mwenye kelele sikioni, anayezaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba. Vijijini wanaobeba ni mbu wale wale wa malaria. Mtu haugui kwa kuumwa mara moja. Huhitaji kuumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka, mpaka minyoo dume na jike wakutane mwilini. Aghalabu maambukizo huanza utotoni, na uvimbe huja ukubwani, wakati mgonjwa hana hata kumbukumbu ya kuumwa.

Basi tuyaweke wazi yasiyokuwa sababu. Busha haliletwi na kunywa madafu, ingawa imani hiyo imeenea pwani nzima. Haliletwi na kuendesha baiskeli, wala kukaa juu ya kinu, wala zinaa. Matende hayatokani na kukanyaga dawa iliyofukiwa njiani. Mtaa wetu una jina moja na yule mganga Nguvumali ambaye Hasani bin Ismail alimtungia utenzi uliochapishwa mwaka 1968, na hata leo wapo wanaoona kwamba mguu ukivimba wa kwanza kutafutwa ni mchawi. Sisi hatukanushi kuwepo kwa sihri, kwani Qur'ani imeitaja. Tunachokataa ni kumtuhumu jirani kwa jambo ambalo sababu yake imo ndani ya karo la nyumba. Tena maradhi haya hayaambukizwi kwa kupeana mikono, kuswali bega kwa bega, kutumia kata moja ya kutawadhia, wala kwa tendo la ndoa. Bila ya mbu hayatoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

WALIYOYASEMA MATABIBU WA KALE

Matabibu wa Kiislamu waliyajua maradhi ya mguu kwa jina la daa-ul-fiil, maradhi ya tembo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), aliyataja katika kitabu chake cha Al-Qanun pamoja na maradhi ya mishipa ya miguu, akayaweka mbali na judham, yaani ukoma. Wagiriki walikuwa wamelitumia jina la tembo kwa ukoma, na vitabu vya Kiarabu vilipogeuzwa kuwa vya Kilatini maradhi mawili haya yakachanganywa huko Ulaya kwa karne nyingi. Tunalitaja hili si kwa fahari tu. Katika fiqhi, judham ina hukumu zake maalumu, na anayeyafananisha matende na judham atampachika mgonjwa hukumu zisizo zake.

Hata hivyo Ibn Sina hakujua habari za minyoo. Alidhani ni damu nzito inayoteremka miguuni, akasema yakikomaa ni nadra kupona. Jambo la mbu lilikuja kujulikana mwaka 1877, pale daktari Patrick Manson alipowakuta vijidudu hao ndani ya mbu huko Amoy, China. Yeye naye alidhani watu huambukizwa kwa kunywa maji waliyofia mbu, na ikachukua mpaka mwaka 1900 kubainika kwamba wanaingia kwa kuumwa. Kama daktari huyo alikaa na dhana yake miaka zaidi ya 20, tusiwacheke sana bibi zetu kwa habari ya madafu.

DALILI

Wengi walioambukizwa hawaoni chochote kwa miaka. Dalili ya mwanzo ambayo watu huipuuza ni mitoki: tezi za kinenani huvimba na kuuma, homa na baridi kali, kisha mguu huwa wa moto na mwekundu kwa siku kadhaa, halafu yote hutulia. Mtu hunywa dawa ya malaria akasema amepona. Kila homa ya namna hii ikirudi huuacha mguu mkubwa zaidi kuliko ulivyokuwa. Mwanzoni uvimbe hupungua mtu akilala usiku, baadaye haupungui tena, ngozi ikakakamaa, ikafanya mikunjo na vinundu. Wanawake nao hupatwa, miguuni na pengine kwenye mikono au matiti, na kwa kuwa wamesitirika huchelewa zaidi kuonekana na daktari.

Kwa wanaume maji hujaa katika mfuko wa korodani polepole, bila maumivu makubwa, mpaka ukawa wa kumzuia mtu kutembea. Hapa pana tahadhari moja. Ngiri ya utumbo nayo huteremka mahali hapo hapo. Aghalabu ngiri hurudi ndani mgonjwa akilala, na huongezeka akikohoa. Ikikwama, ikauma ghafla na mtu akatapika, hiyo ni hatari ya saa chache na apelekwe hospitali usiku huo huo. Kutofautisha baina ya viwili hivi ni kazi ya daktari, si ya muuza dawa sokoni.

Ziko pia sura za nadra. Baadhi ya wagonjwa hupata mkojo mweupe kama maziwa, na wengine kikohozi kikavu cha usiku chenye kubana kifua. Na si kila mguu uliovimba una minyoo. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa huenda ni moyo, figo au ini. Katika nchi za milima yenye udongo mwekundu wa volkano, kama Ethiopia, Kameruni na Rwanda, watu wanaolima pekupeku hupata miguu kama ya matende bila kuumwa na mbu yeyote, kwa ajili ya chembechembe za udongo zinazopenya nyayoni. Dawa ya huko ni viatu.

MAJI, SABUNI NA KITAMBAA KIKAVU

Sasa turudi kwa mzee wetu. Minyoo ndiyo iliyoiharibu mishipa ya limfu, lakini kinachoukuza mguu mwaka hadi mwaka ni vijidudu vya kawaida vya ngozini vinavyopenya kwenye michubuko, hasa baina ya vidole. Mguu wa mtu mzima huvifukuza. Mguu wenye matende hauwezi, kwa sababu majimaji yake yamesimama. Hivyo tiba yake inakuwa nyepesi kuliko wengi wanavyodhani: kuuosha kila siku, na ikiwezekana asubuhi na jioni, kwa maji safi na sabuni ya kawaida, pole pole bila kusugua, kila mkunjo na kila nafasi ya kidole. Kisha kuukausha vizuri, kwa kitambaa safi na laini. Kupaka dawa ya fangasi au ya vidonda panapohitajika, kuuinua mguu juu ya mto wakati wa kukaa na kulala, kuukunja na kuunyoosha kifundo mara kwa mara, na kuvaa viatu visivyobana. Homa ya mitoki ikija, mgonjwa apumzike, apoozwe mguu kwa maji ya baridi, na aende kituo cha afya akapewe dawa ya kuua vijidudu. Anayefanya haya kwa kudumu, homa zake hupungua sana na uvimbe husimama. Mguu uliokwisha kukomaa haurudi kuwa kama wa pili wake.

Ndipo tulipoliona kosa letu la kifiqhi. Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake husomeshwa katika madrasa zetu nyingi za pwani, anaruhusu tayamamu ya maradhi pale mtu anapochelea maji yataharibu kiungo au manfaa yake, au yatachelewesha kupona, au yataacha aibu mbaya katika kiungo cha dhahiri. Khofu hiyo hutegemea ujuzi: ama mgonjwa mwenyewe awe anajua, ama aelezwe na tabibu mwaminifu. Sisi hatukuwa tabibu wala hatukumwuliza tabibu. Tuliuona mguu wa kutisha, tukadhania kuwa maji yanaudhuru. Kumbe sharti ya rukhsa haikuwepo, na yule mzee alikuwa na haja ya kuosha mguu wake kuliko sisi wenye miguu mizima.

Hukumu kwa mwenye matende ni hivi. Ikiwa ngozi haina jeraha, ni wajibu kuosha mguu wote mpaka vifundoni, na kuyafikisha maji ndani ya mikunjo. Kupitisha kidole cha mkono baina ya vidole vya mguu kwa asili ni sunna, lakini vidole vikiwa vimebanana kwa uvimbe hata maji hayapiti, hugeuka kuwa wajibu. Ikiwa pana kidonda ambacho tabibu amesema kisitiwe maji, ataosha sehemu iliyo nzima, na atatayamamu kwa ajili ya ile yenye kidonda pale anapofika kuosha mguu. Kikiwa kimefungwa, atapaka maji juu ya bandeji pamoja na tayamamu hiyo. Na kwa kuwa mguu si katika viungo vya tayamamu, hatazirudia swala zake akipona, madhali bandeji ilifungwa akiwa na twahara na haikuchukua sehemu nzima zaidi ya haja. Anayeshindwa kufika mguuni kwa ukubwa wa mwili au uzee, aoshwe na mkewe au mwanawe. Kusaidiwa kwa mgonjwa hakuna karaha.

Liko jambo moja dogo ambalo tunawaomba maimamu walisisitize. Katika madhehebu ya Imam Shafi kauli yenye nguvu ni kwamba kuacha kujifuta maji ya udhu ni bora. Mzee wetu alilishika hilo tangu ujanani, akawa anaacha miguu ikauke yenyewe, mara tano kwa siku, kisha anavaa viatu vya plastiki. Unyevu huo wa baina ya vidole ndio uliofungua mlango wa michubuko yake. Lakini wanazuoni hao hao wamesema ubora huo ni kwa asiye na udhuru. Mwenye matende ana udhuru ulio wazi, basi ajifute, na kujifuta kwake ni katika kujitibu. Misikiti ingeweza kuweka kigoda cha kukalia pale pa kutawadhia. Kitambaa kila mtu aje na chake.

Ama maji yanayotoka katika ngozi ya mguu, yakiwa hayana harufu, Imam Nawawi ameyatolea kauli kuwa ni twahara. Usaha na damu ya kidonda cha mtu mwenyewe vimesamehewa, wala kutoka kwake hakuvunji udhu kwetu sisi Mashafi. Mahanafi wanaona damu au usaha ukitiririka udhu unavunjika, isipokuwa kwa mwenye udhuru wa kudumu.

Mzee alirudi kuosha. Kufika mfungo mosi wa mwaka uliofuata alikuwa safu ya pili swala ya Alfajiri, na kitambaa chake begani. Tulimwomba radhi mbele ya watu waliokuwepo siku ile ya fatwa yetu.

BUSHA NA ULIMI WA WATU

Kwa matende watu huhurumia. Kwa busha hucheka. Tunawajua wanaume walioacha kuadhini, walioacha kuja Ijumaa, kwa sababu kanzu haikuwaficha. Na yapo maneno yanayosemwa kana kwamba ni elimu: kwamba mwenye busha twahara yake ina shaka, na kwamba hafai kuwa imamu. Maneno haya hayana asili. Maji yaliyomo katika mfuko wa korodani yamo ndani ya mwili, na kilichomo ndani ya mwili hakina hukumu ya najisi iliyobebwa. Akijitwahirisha nje, twahara yake ni kama ya mtu mwingine. Akishindwa kusujudu sawasawa au kusimama, ataswali anavyoweza. Imran bin Huswain (R.A.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya swala yake bila ya kuona haya, akaelekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu, kama ilivyopokewa na Bukhari. Na imamu anayekaa kwa udhuru wanaweza kumfuata waliosimama, kwani Mtume (S.A.W.) katika maradhi yake ya mwisho aliswalisha akiwa amekaa.

Kejeli hii ina historia ndefu. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Nabii Musa (A.S.) alikuwa mwenye haya, akioga peke yake, na baadhi ya Bani Israili wakamzulia kuwa anajificha kwa sababu ana ila mwilini. Moja ya ila walizozitaja ni udra, ambayo wanazuoni wameifasiri kuwa ni kuvimba kwa korodani. Mwenyezi Mungu akamtakasa kwa kisa kinachojulikana cha jiwe lililokimbia na nguo zake. Wafasiri wengi wanakitaja kisa hiki katika aya ya 69 ya Suratul Ahzab, ambayo inawakataza waumini wasiwe kama wale waliomuudhi Musa. Basi kijana anayemcheka mzee wa busha njiani ajue anafuata nyayo za akina nani.

Katika ndoa pia huulizwa. Ila ambazo Mashafi wamezitaja kuwa zinampa mwenzi hiari ya kuvunja ndoa ni chache na zinajulikana, kama wazimu, judham na mbalanga, na zile zinazozuia tendo lenyewe. Matende na busha hayamo kwa majina. Ibn al-Qayyim alipanua mlango, akaona kila ila inayofukuza na kuharibu makusudio ya ndoa inaingia humo. Kwa maoni yetu kadhi aliyeletewa shauri la busha aanze kwa kuuliza kama mume amekwenda hospitali, maana hii ni ila inayoondoka.

Inaondoka kwa upasuaji. Vidonge havitoi busha lililokwisha kujaa. Kuvuta maji kwa sindano hakufai, maji hurudi na pengine huingia uchafu. Upasuaji wenyewe si mkubwa: hupigwa ganzi, mfuko wa maji hufunguliwa na kushonwa au kukatwa, na wengi hurudi nyumbani upesi, ingawa kazi nzito huachwa kwa wiki kadhaa. Katika Mkoa wa Tanga zimewahi kufanyika kambi za upasuaji huu kupitia mpango wa taifa wa maradhi yaliyokuwa yakisahauliwa. Kinachowazuia wanaume si fedha peke yake, ni kuvua nguo mbele ya daktari. Kufunua uchi kwa tabibu panapo haja kumeruhusiwa na wanazuoni wa madhehebu zote, kwa kiasi cha haja, na mwanamume atibiwe na mwanamume akipatikana. Kidonda cha upasuaji hukumu yake katika janaba na udhu ni ile ile tuliyoitaja ya bandeji.

VIDONGE

Mwaka 2000, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 120 walikuwa na maambukizo haya, na milioni 40 kati yao wameharibika viungo. Mwaka huo ndipo mpango wa dunia wa kuyatokomeza ulipoanzishwa. Hapa kwetu ugawaji wa dawa ulianzia kisiwa cha Mafia mwaka huo huo wa 2000, Zanzibar ikafuata mwaka 2001, na Mkoa wa Tanga mwaka 2004. Dawa ni mbili, ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka. Kazi yake kubwa ni kuwaua watoto wa minyoo katika damu, ili mbu akiuma asipate cha kubeba. Ndiyo maana hupewa hata mtu mzima wa afya. Wasiopewa ni wajawazito, waliojifungua ndani ya wiki moja, watoto wasiofikia kimo cha sentimita 90, na wagonjwa mahututi. Wapo wanaopata homa na kichwa kuuma baada ya kumeza, hasa wale wenye minyoo mingi, kwa sababu ya kufa kwa vijidudu hao. Hapo ndipo maneno ya kuua uzazi yalipopata nguvu. Dawa hizi haziui uzazi.

Kuna dawa nyingine, doxycycline, inayodhoofisha minyoo wakubwa kwa kuua bakteria wanaoishi ndani yao. Majaribio yake mashuhuri yalifanywa hapa hapa mkoani, katika kijiji cha Kimang'a, Pangani, kwa watu 72 waliomeza kwa wiki 8, baadhi yao dawa na wengine vidonge visivyo na dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Hii hutolewa na daktari kwa mtu mmoja mmoja.

Anayesema hamezi dawa akiwa mzima, kwa hoja ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kula tende saba za Ajwa asubuhi kama kinga kabla ya madhara kufika. Tena Misri ilianza kugawa dawa za maradhi haya mwaka 2000 na mwaka 2018 ikatangazwa kuyatokomeza, na Yemen mwaka 2019. Togo ilitangulia mwaka 2017, Malawi ikafuata mwaka 2020. Kwa Mashafi kujitibu ni sunna na si wajibu, nasi hatuwezi kuongeza wajibu wasiousema. Lakini asiyemeza hajizuilii peke yake, damu yake inabaki kuwa hazina ya mbu wa mtaa mzima, na kudhuru wengine ni mlango mwingine wa fiqhi. Ugawaji ukiangukia Ramadhani, kumeza kidonge mchana kunafunguza. Imamu azungumze na wagawaji mapema wapite baada ya futari, na hilo ni bora kuliko kuwaacha waumini wakakataa dawa moja kwa moja.

KARO LA MSIKITI

Tunamalizia na suala aliloliuliza msimamizi wa msikiti mmoja wa Nguvumali. Maji ya udhu na ya vyoo yanakwenda katika karo ambalo mfuniko wake umevunjika, na jioni mbu wanatoka humo kama moshi, wakati watu wanangoja Isha. Je, inajuzu kutumia fedha za wakfu wa msikiti kulitengeneza, au fedha hizo ni za mkeka na taa?

Jibu letu ni kuwa inajuzu, kwa kuwa karo ni sehemu ya jengo na kulitengeneza ni kuimarisha wakfu wenyewe, jambo linalotangulia mapambo yote. Mfuniko uwe wa zege usio na ufa, na bomba la hewa lifungwe wavu. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji ya vyoo vya shimo, zikatanda juu kama blanketi hata kiluwiluwi asipate pumzi, na pamoja na dawa waliyopewa watu mbu na maambukizo vikapungua sana. Ikiwa wakfu umeainishwa na mtoaji kwa kazi moja tu, kama mafuta ya taa, fedha hizo zisiguswe, na karo lichangiwe na waumini. Wallahu aalam.